Chuma Kilichobaki Mwilini mwa Paskazia

Paskazia Mihayo alikuwa na miaka thelathini na tatu alipoambiwa kwamba damu iliyomwokoa tangu utotoni ilikuwa imemwachia mzigo. Aliambiwa asubuhi, kwenye kliniki ya selimundu ya hospitali moja ya Mwanza, na jambo la kwanza alilowaza ni kwamba dirisha lake la tiketi pale stendi ya Buzuruga lilikuwa bado limefungwa. Abiria wa Musoma wangekuwa wameshahamia kwa jirani.

Hakushtuka. Kushtuka alikuwa amekuacha zamani, tangu kaka yake Elias alipofariki. Wote wawili walizaliwa Bujora na ugonjwa huo ambao wengi huuita sikoseli, wakakua wakipokezana kitanda cha wodini. Akitoka huyu, anaingia yule. Damu ilipopungua, baba yao, mzee Mihayo, aliacha ng'ombe kwa jirani, akapanda gari mpaka mjini na kunyoosha mkono atolewe damu ya kuwaongezea. Watu hawakumficha. Walimwambia watoto wa aina ile hawafiki mbali, asijisumbue sana na ada za shule. Elias alifariki akiwa kidato cha nne. Msibani Paskazia alikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake waliokuwa wakilia, akawa anatazama miguu ya watu wanaopita. Siku ile kuna kitu kilizima ndani yake, na hakuna aliyegundua, kwa sababu aliendelea kufanya kila alichotakiwa kufanya.

Alimaliza shule, akapata kazi ya kukata tiketi, akapanga chumba karibu na stendi. Nestory, fundi wa injini za mitumbwi, alipomwomba wafunge ndoa, alimjibu kwamba haiwezekani, kwa sauti ileile anayotumia kuwaambia abiria basi limejaa. Nestory alisubiri muda mrefu, mwishowe akaoa kwingine. Paskazia alikwenda kwenye harusi, akala pilau, akarudi nyumbani akafua nguo zake.

Basi ndivyo alivyokaa mbele ya Daktari Muganyizi, mkoba mapajani, akisikiliza.

"Kipimo hiki kinaitwa ferritini," daktari alisema. "Zamani hatukuwa tunakupima. Kinatuonyesha mwili umejiwekea akiba ya madini ya chuma kiasi gani. Kila chupa ya damu uliyoongezewa ilikuja na chuma chake. Ile damu inachakaa na kwisha, lakini chuma mwili hauna njia ya kukitoa. Kinalundikana kwenye ini, kinakwenda mpaka kwenye moyo."

"Na changu kikoje?"

"Kimezidi mno. Mara ya kwanza tulikupima ukiwa na homa, na homa nayo hukipandisha, ndiyo maana nikakwambia urudi ukiwa mzima. Leo u mzima, na bado kiko juu."

"Lakini siumwi, daktari."

"Najua. Ini linavumilia miaka na miaka. Likianza kulalamika, sisi tumeshachelewa." Alivua miwani. "Sikutibu kwa ajili ya leo, Paskazia. Nataka ukifika miaka sitini uwe na ini linalofanya kazi."

Sitini. Hakuna mtu aliyewahi kuiweka miaka hiyo karibu na jina lake. Alitafuta moyoni kama kuna furaha au hofu, akakuta patupu. Akauliza dawa inanywewaje.

Alielekezwa kuyeyusha vidonge vya kutoa chuma mwilini kwenye maji na kuvinywa kabla ya kula, kisha arudi kliniki kila baada ya miezi mitatu kupimwa ferritini, figo na ini. Vidonge vyake vya kila siku vya foliki asidi aendelee navyo. Vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu, vyenye chuma, aviache kabisa. Alikuwa amevimeza miaka mingi, kwani kila muuza duka la dawa aliyeona weupe wa viganja vyake alimwongezea pakiti nyingine, na yeye alipokea bila kuuliza.

"Maini je, unakula?" daktari aliuliza.

"Kila Jumamosi. Baba huniletea."

"Chakula si mkosaji mkubwa hapa. Ila maini yana chuma kingi, ya kila wiki tuyaache."

Jumamosi mzee Mihayo alifika kama kawaida na ndoo ndogo yenye mfuniko. Alikuwa ameamka mapema kuyawahi maini machinjioni, yangali ya moto.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Yakaange leo leo, yasilale."

Paskazia alimweleza palepale, mzee akiwa bado anavua viatu. Alimweleza yote kwa mpangilio, kama anavyoeleza saa za mabasi kuondoka. Mzee alisikiliza, kofia imekaa gotini.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "kinachokuharibu ini ni damu yangu."

"Yako na ya wengine wengi, baba. Bila hiyo ningeshakufa."

"Elias naye nilimpa."

"Ulimpa."

"Nilikuwa nikitoka pale najisikia nimefanya jambo." Alichukua kofia akajifuta nayo uso, akabaki ameishikilia pale machoni.

Paskazia alijua kwamba hapa ndipo binti mwingine angelia pamoja na baba yake. Aliyasubiri machozi, hayakuja. Aliona bega lile linahitaji mkono, akauweka mkono wake, akauacha hapo mpaka chai ikachemka.

"Ulifanya jambo, baba," alisema akimimina chai. "Mimi nipo hapa."

Mzee alikunywa nusu kikombe. "Sasa nitakuwa nakuletea nini?"

"Njoo tu."

"Siwezi kuja mikono mitupu kwa mtoto wangu."

"Basi lete maziwa."

Yale maini walimpelekea mama mwenye nyumba, naye aliyapokea kwa mikono miwili bila kuuliza chochote.

Dawa ilimchafua tumbo. Wiki za mwanzo alikaa dirishani na ndimu mkononi, akiinusa kila kichefuchefu kilipopanda, huku akikata tiketi za Bunda na Musoma. Alipopimwa tena, ferritini ilikuwa imeshuka kidogo tu. Daktari Muganyizi alionekana kukata tamaa kuliko yeye. Baadaye maumivu ya mifupa yakamlaza wodini, kipimo kikaahirishwa mpaka apone, na dozi ikapangwa upya. Paskazia hakulalamika wala kukosa siku ya kliniki. Hakujiona jasiri. Kunywa dawa ile kulikuwa kumeingia kwenye mambo anayoyafanya asubuhi, kama kupiga mswaki na kufunga mlango.

Mwaka wa pili ulipokuwa ukiisha, majibu yalishuka waziwazi. Daktari aliyasoma mara mbili, akatabasamu.

"Hayajafika tunapotaka, lakini yanakwenda. Unajisikiaje?"

"Sijui," Paskazia alijibu, na ndivyo ilivyokuwa.

Alimpigia baba yake simu. Mzee alisema, "Haya mama. Haya," akakata simu kabla hajaulizwa hali ya ng'ombe.

Paskazia hakwenda moja kwa moja kazini. Kulikuwa na jino la nyuma lililomsumbua tangu alipohamia mjini. Siku zote alitafuna upande mwingine, akiona hakuna haja ya kutengeneza kitu ambacho hatakitumia muda mrefu. Alipanda ngazi za hospitali ileile hadi kwa daktari wa meno. Msichana wa mapokezi alimuuliza kama anataka kung'oa au kuziba, kwa sababu wengi hung'oa, ndiyo rahisi.

Paskazia aliligusa lile jino kwa ulimi.

"Kuziba kunadumu muda gani?" aliuliza.

"Ukilitunza, hata uzeeni utalitafunia."

"Basi zibeni."

Alifika stendi mchana, shavu moja bado lina ganzi ya sindano, akafungua dirisha. Mama mmoja mwenye kuku wawili aliuliza basi la Musoma linaondoka saa ngapi. Paskazia alimjibu, lakini maneno yalimtoka yamepinda, ikabidi arudie polepole mpaka yule mama akaelewa.