Alama Nne Kupita Migombani

Asubuhi ile nilitoka Igoma na begi moja, sijui ninakokwenda. Nilifuata barabara ya Musoma kwa miguu, mvua ikinyesha na kukatika, mpaka Kisesa. Njaa ikaniingiza kwenye mgahawa wa mama mmoja wa Kagera.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chai subiri kwanza, nina msiba wa mtandao."

Binti yake, muuguzi aliyekaa muda mrefu bila kazi, alikuwa karibu kufanyiwa usaili kwa video. Mgahawani palikuwa na kelele, kwa hiyo aliketi nyumbani, nyuma ya shamba la migomba. Kifaa cha mgahawani kilirusha mtandao hadi kule, lakini picha ilikuwa inaganda. Niliwahi kuwabebea ngazi mafundi wa mtandao kule Ilemela, nikajitolea kuangalia.

Nilipofungua mpangilio wa kifaa nilishtuka. Fundi aliyekiweka alikuwa amekifunga kwenye njia ya kasi kuliko zote, kwa sababu mama alitaka kuona namba kubwa.

Mtandao huo husafiri kwa wimbi la redio, na wimbi hubebeshwa alama; aina za alama zikiwa nyingi, kila moja hubeba habari zaidi na kasi hupanda. Njia ya polepole hutumia alama mbili, kama ndiyo na hapana. Nyingine hutumia nne, nyingine kumi na sita. Ile ya mama ilitumia sitini na nne, zinazofanana kama watoto wa tumbo moja. Ukiwa karibu unazitofautisha. Zikipita kwenye majani mapana yaliyolowa, mpokeaji anazichanganya.

"Mama, tushushe kasi. Au tukate migomba hii miwili."

"Migomba?" Alinitazama kama nimetukana ukoo wake. "Atakayegusa mgomba wangu nitaanza kumkata yeye! Na kasi usishushe. Mimi nilichukua kubwa, unipe ndogo?"

"Kubwa haifiki, mama."

Binti akapiga kelele kutoka dirisha la nyumbani, ng'ambo ya migomba: "Mama, acha ubishi! Wanaonisaili wananiita, hawanisikii!"

Mama akanipungia mkono niendelee. Nikabonyeza.

Nilianza na alama kumi na sita. Sauti ikaja, ikakatika. Nikashuka hadi nne, nikitegemea mtandao utambae kama konokono. Badala yake nikasikia kupitia dirisha lile binti anajibu swali kuhusu mgonjwa wa malaria, sentensi nzima, kisha nyingine, bila kukwama.

Miaka yote kule Ilemela tulikuwa tunapandisha tu, tukidhani kushusha ni kushindwa. Kumbe ile njia ya kasi ilikuwa inatuma kipande kilekile cha mazungumzo tena na tena kwa sababu hakikueleweka, na muda wote unaishia kwenye kurudia. Ya polepole ilisema mara moja, ikasikika. Ilinitisha kufikiria ni nyumba ngapi tuliziacha vile, tukapokea asante na kuondoka.

Binti alitoka akikimbia kupita migombani. "Wamenichukua! Niripoti Jumatatu, ng'ambo ya ziwa."

Mama aliyetaka habari hiyo kuliko mtu yeyote akakaa chini kwenye kreti la soda. "Jumatatu hii? Hii inayokuja?" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kanga, akanigeukia. "Na wewe unalala wapi?"

"Sijui, mama."

"Hujui!" Akashtuka upya. Alinifungulia stoo ya uani, akasogeza magunia ya unga, akatandika mkeka.

"Lala hapa. Jumatatu utambebea sanduku mpaka bandarini, mimi miguu haitanifikisha."