Kamba Mfukoni, Trekta Dukani

Nakumbuka siku moja nilisimama dukani Mwanjelwa, Mbeya, mbele ya trekta dogo jekundu, mfukoni mwa koti nina kamba ya katani yenye mafundo mawili, nikaona aibu kuitoa. Mwanangu, upumbavu wote nitakaokusimulia ulikuwa ndani ya mfuko ule. Wazee wenzangu hukumbuka makosa ya ujana. Mimi ujana wangu niliumaliza nyumbani, nimekaa karibu na moto, sikupata nafasi ya kukosea vizuri. Ikabidi nikosee nikiwa na mvi.

Nakuandikia kwa sababu nimesikia wewe na wenzako mmepatana kununua trekta dogo, na Jumatatu mnakwenda Mbeya kulinganisha bei. Habari hiyo imenifurahisha mpaka chai yangu imepoa. Tangu asubuhi nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, na mama yako mkubwa amekwisha kuniuliza kama naumwa. Siumwi. Nina maneno, na nisipoyaandika leo mtayasikia mkiwa mmesharudi na risiti.

Unanijua mimi ni mtu wa nyumbani. Kwenda Mafinga tu kunahitaji wiki nzima ya kujiandaa, na nikifika, swali langu la kwanza ni basi la kurudi. Lakini sisi wa Igowole benki yetu ni mti. Ile mipaini ya kule mgongoni mwa kilima tuliipanda Tumaini akiwa darasa la kwanza, tukaipalilia, tukaichimbia njia za kuzuia moto, na Tumaini alipomaliza masomo tukasema sasa iangushwe tununue trekta. Siku ya kuangusha, mama yako mkubwa, Mama Tumaini, alisimama akatazama kilima kinavyobaki kipara, akanigeukia. “Baba Tumaini, msitu haukatwi mara mbili.”

Alikuwa na maana kwamba tukikosea tutarudi kwenye jembe la mkono, miti hatuna na trekta hatuna. Nilielewa. Kuelewa hakujawahi kunizuia.

Nikaanza kulinganisha bei, na nililinganisha kwa namna ya mtu wa nyumbani: nimekaa kibarazani, blanketi magotini, simu mkononi. Matrekta yaliyonivutia yalikuwa mawili, nguvu ya injini sawa, ukubwa sawa. La kwanza lilikuwa la jina kubwa, ambalo hata mtoto wa chekechea analitaja. La pili lilikuwa la duka. Yaani duka lenyewe huagiza matrekta kiwandani, nje ya nchi, likayabandika jina lake, kama fundi cherehani anavyoshona kitambulisho chake kwenye kola ya shati. Bei ya lile la duka ilikuwa chini karibu theluthi nzima. Nikaziandika bei zote mbili nyuma ya kalenda ya kanisa, nikapiga mstari chini ya ile ndogo, nikajiona mchumi wa taifa.

Mama Tumaini alikuja na ndoo yake, akasoma kalenda, akauliza neno moja tu: trekta hilo litapita kwenye matuta yake? Nikamjibu kwamba matrekta yote hupita kwenye matuta. Alikwenda shambani, viazi vilikuwa vimeanza kuchomoza, akanyoosha kamba kutoka mfereji mmoja kuvuka matuta mawili hadi mfereji wa tatu, pale ambapo magurudumu yanapaswa kupita, akafunga fundo huku na fundo huku. Asubuhi ya safari akanitumbukizia kamba ile mfukoni. “Pima gurudumu kwa gurudumu. Lisipofika, usilipe.”

Hapa niseme jambo la zamani kidogo, nivumilie. Nikiwa kidato cha pili, likizoni, baba alinichukua kwenda mnadani kununua jembe. Alitoka nyumbani na mpini mtupu begani. Kwa kila muuzaji alichomeka mpini kwenye tundu la jembe, akainama akalima hewa mara tatu, akachomoa, akaenda kwa mwingine. Watu walicheka. Mimi, msomi wa kidato cha pili, mwenye soksi nyeupe, nilitembea hatua kumi nyuma yake ili nisidhaniwe ni mwanawe. Baba aliona. Njiani kurudi hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema hivi: “Shamba haliji dukani. Lazima mtu alibebe.” Kisha akanipa mpini nibebe mimi, mpaka nyumbani.

Basi, baada ya miaka yote hiyo kupita, nimefika Mwanjelwa na shamba langu limo mfukoni, zima, na mafundo yake mawili. Muuzaji alikuwa kijana nadhifu, viatu vinang'aa kuliko boneti la trekta. Aliniita mzee wangu, akanipa soda, akaniketisha kwenye kiti cha trekta. Mwanangu, usiniulize nilijisikiaje. Nilishika usukani pale dukani, trekta limezimwa, na moyoni nilikuwa nimeshalima Mufindi yote. Nikamuuliza kwa nini lao ni rahisi kuliko lile la jina kubwa, akanijibu bila kufikiri, “Mzee wangu, kule unalipia jina, hapa unalipia chuma.”

Ni neno tamu, na kwa bahati mbaya lilikuwa na ukweli ndani yake. Nikaingiza mkono mfukoni. Vidole vikagusa kamba. Nikamtazama yule kijana na viatu vyake, nikawatazama wateja wengine waliovaa saa kubwa, nikajiona nikipiga magoti sakafuni kupima matairi kwa kipande cha katani kama mtu anayepima ng'ombe. Nikatoa leso, nikapangusa jasho. Kamba ikabaki. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, nami siku ile nilificha hasa.

Nililipa. Kwenye risiti kulikuwa na maandishi kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Niliyasoma nikiwa barabarani.

Lakini siku lilipofika Igowole! Lilikuja juu ya lori, na tangu lilipokata kona ya gulio watu walianza kulifuata. Vigelegele vikaanzia kwa wanawake waliokuwa wanachambua maharage. Tukamwita Mchungaji aliombee, kama tunavyofanya kwa kila chenye magurudumu. Akaweka mkono juu ya boneti, akaomba ombi refu, la maana, akamwomba Mungu alibariki trekta hili, na jembe lake la kulimia, na jembe lake la kuinulia matuta. Akasema amina, akafumbua macho, akazunguka nyuma ya trekta, akazunguka tena. Akaniuliza kwa upole majembe yenyewe yako wapi, ili ayawekee mkono nayo.

Hayakuwepo. Lile la jina kubwa, bei yake ilikuwa na majembe mawili ndani. La duka liliuzwa peke yake, majembe mbali. Nilikuwa nimelinganisha mtu aliyevaa koti na mtu aliyevaa shati, nikashangaa mmoja kuwa mwepesi.

Nikarudi Mbeya, mimi, mtu wa nyumbani, mara ya pili ndani ya mwezi mmoja. Dada yangu anayekaa Soweto, palepale Mbeya, aliponiona mlangoni akaniuliza kama nimehamia. Niliponunua majembe yote mawili, ile theluthi niliyojivunia ikabaki kipande kidogo cha kuonea haya. Bado la duka lilikuwa rahisi, ndiyo, lakini si kwa kiasi cha kumfanya mtu apige mstari kwenye kalenda.

Halafu ikaja siku yenyewe. Viazi vimefika magotini, vinataka kuinuliwa udongo. Nikapanda trekta, majirani wamepanga mstari ukingoni, nikaingia shambani kama bwana harusi. Gurudumu la kushoto likakaa ndani ya mfereji vizuri kabisa. La kulia likapanda juu ya tuta. Nilisikia viazi vya Mama Tumaini vikilalia mgongo. Nikadhani nimekosea kuingia, nikaendelea, nikamaliza tuta lile, nikageuka nikaharibu la pili. Niliposimama hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Mama Tumaini alikuwa ameinama juu ya tuta la kwanza, anajaribu kusimamisha mashina yaliyokatika, na hayakusimama.

Aliyekuja ni jirani yetu Mzee Kikoti, yule wa ng'ambo ya kijito, aliyeendesha matrekta ya mashamba ya chai mpaka akastaafu. Mzee Kikoti hajui kusema kitu kwa kuzunguka. Alisema nishuke kabla sijamaliza chakula cha ukoo. Akafungua boneti, akatoa kitambaa, akasugua ubavu wa injini mpaka namba zikaonekana, akazisoma polepole huku mimi nimeshika kofia kama mtuhumiwa. Kisha akatabasamu, jambo ambalo halifanyi ovyo. Akasema injini hii anaijua, ni ndugu na zile za pawatila, vitrekta vya kuongoza kwa mikono vinavyolima mabondeni kwetu, filta zake zinauzwa Mafinga na hata fundi wa pikipiki anaweza kuifungua. “Nje ni jina la duka, tumboni ni kiwanda kilekile cha pawatila. Hujaibiwa, Baba Tumaini. Hukuuliza tu.”

Mwanangu, nilitaka kumkumbatia. Lakini swali lake la pili likanirudisha chini: alitaka kujua kama nilipima upana wa magurudumu kabla ya kulipa. Nikaanza kueleza habari za vipimo vya kitaalamu. Mama Tumaini, bado ameinama, akasema bila kunyanyua kichwa kwamba alinipa kamba. Nilikuwa nimevaa koti lilelile. Nikaingiza mkono, nikaitoa. Ilikuwa bado imekunjwa alivyoikunja yeye.

Hapo sasa walicheka. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini mferejini.

Mzee Kikoti akapima. Ilipungua shibiri moja na vidole vitatu. Akazunguka gurudumu la nyuma, akapapasa ringi, akasema la jina kubwa lingepanuliwa kwa kusogeza pini tu, kazi ya robo saa. Hili linataka jasho, lakini litakubali, maana ringi zake zinaweza kugeuzwa, upande wa ndani ukawa nje. Tukaleta jeki na magogo. Tukang'oa magurudumu yote mawili makubwa, tukayageuza, tukasogeza ekseli ya mbele tundu moja kila upande. Nilikaza nati kwa mikono yangu hii laini, kila mmoja akipita ananiuliza kama nimechoka. Mzee Kikoti akanyoosha kamba tena. Fundo likakaa katikati ya tairi la kushoto. Fundo la pili likakaa katikati ya tairi la kulia.

Nikawasha. Magurudumu yakashuka kila moja kwenye mfereji wake, matuta mawili yakapita chini ya tumbo la trekta bila jani kuguswa, na nyuma udongo mweusi ukapanda kulia na kushoto kama mtu anavyomfunika mtoto shuka. Kazi ya siku tatu ikaisha kabla jua halijazama. Mama Tumaini alivua viatu akatembea nyuma ya trekta kwenye udongo ule mpya, mfereji baada ya mfereji. Mwisho wa shamba akalipiga tairi kofi moja, kama unavyompiga ng'ombe mzuri. Vile viazi vya matuta mawili tuliyoyalalia tulivila wiki nzima, vidogo kama gololi, na hakuna aliyethubutu kulalamika, hasa mimi.

Basi nakushauri hivi. Usiliogope trekta kwa sababu lina jina la duka, na usiliabudu lingine kwa sababu lina jina kubwa. Kabla hujamuuliza muuzaji bei, msomee fundi wa Mafinga namba ya injini kwa simu, akuambie spea anazo au atazisikia redioni. Ukitajiwa bei, uliza imebeba nini: majembe yamo, usafiri umo, fundi atakuja shambani mvua zikiwa zimekolea, au atakujibu kwenye simu kwamba yuko njiani mpaka mavuno? Bei ndogo isikufanye ucheke kabla hujajua umebakiza kununua nini. Usikubali mbuzi kwenye gunia, hata gunia liwe na rangi nzuri. Liwashe, lipandishe kilima, maana sisi hatulimi uwanja wa mpira. Zaidi ya yote, bebeni shamba lenu mwende nalo, na mkifika dukani mlitoe, mpige magoti sakafuni mbele ya kila mwenye viatu vinavyong'aa. Aibu ya dukani hudumu dakika tano. Ya shambani ina msimu mzima, na majirani.

Mungu awatangulie njiani kwenda na kurudi. Awape macho ya fundi na subira ya baba yangu mwenye mpini. Trekta lenu lianze kwa pigo moja asubuhi ya baridi, lisilale bondeni, na lile jembe lake lije pamoja nalo ili Mchungaji asilitafute. Mvua zije kwa wakati, na viazi vyenu viwe vikubwa kuliko ngumi ya Mzee Kikoti.

Nilikuwa nimeishia hapo. Lakini Mzee Kikoti mwenyewe ameingia sasa hivi kuomba spana, akanikuta nikisoma kwa sauti, akasikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama mlangoni. Nikamuuliza kama kuna nililosahau. Ameniambia, nami naliandika kama alivyolitamka:

“Maneno yote hayo ya nini? Mkeo alikupa akili, ukaiweka mfukoni.”