Ushuhuda wa Mtu Asiyekuwa Mlozi

Pongezi zilimkuta Mama Marthe sokoni Kashikishi, mbele za watu, akichagua mihogo mikavu. Mama Chouchou, shemasi wa Kanisa la Chemchemi ya Ushindi, alimkumbatia kwa nguvu hata kitambaa chake cha kichwa kikalegea.

"Mama Gloire! Mungu ni mukubwa! Mutoto ametoka kwa giza!"

"Giza gani?"

"Usifiche sasa, mama. Ile odio ya simu tumesikia wote, hata kule kisiwani Chisenga wamesikia. Mie nililia. Pasta mwenyewe anasema, tangu aanze kazi ya Mungu hajasikia mulozi wa kueleza kazi yake muzuri vile."

Mama Marthe aliweka mhogo chini. Katika miaka yake upande huu wa ziwa, upande wa Zambia, alikuwa ameitwa mkimbizi, mjane, Mkongomani, na siku moja muuza mafuta alimwita mama wa kujiona. Hilo la mwisho hakulikataa. Lakini mama wa mlozi, mama wa mchawi?

"Nisikilizishe," alisema.

Mama Chouchou alitoa simu kifuani. Sauti ilikuwa ya binti yake Gloire, haina shaka, ile sauti ya kutulia ambayo baba yake alimfundisha kusomea mbele ya darasa. "Wengine wanafikiri nguvu hii mtu anazaliwa nayo," ilisema. "Hapana. Selenka aliipata kwa kunywa maji ya mnara. Sasa sikieni namna inavyofanya kazi. Mtu mwenye hofu, kichwa chake ni mlango wazi. Ukiingia usimguse. Mpe tu kile anachokiogopa, atakiona kwa macho yake mwenyewe. Ukitoka, hatakumbuka kama ulikuwamo." Hapo odio ilikatika.

"Selenka njo jina la ile pepo," Mama Chouchou alinong'ona. "Pasta ameshaifunga. Jumapili Gloire atapanda mbele, atoe ushuhuda wote. Watu wa Chisenga wanakuja na boti."

Mama Marthe aliacha mihogo palepale na kushika njia ya nyumbani, na wanawake waliokuwa wakianika upya dagaa wa chisense wa akiba kando ya njia waliinua vichwa kumtazama. Alijua wanachotazama.

Lazima ieleweke huyu alikuwa mama wa namna gani. Alisomea ualimu Lubumbashi, na saikolojia ya mtoto ndilo somo aliloshika nafasi ya kwanza. Alifundisha Pweto, akaolewa na Florent, mkurugenzi wa shule, mwanaume ambaye hakutoka nje ya nyumba bila shati kupigwa pasi. Vita vilipowavusha ziwa mwaka ule wa 2017, wakafikia kwenye mahema ya wakimbizi ya Kenani, Mama Marthe alijaza makaa kwenye sufuria ya kuazima akampigia mumewe shati pasi asubuhi ya kwanza, na waliocheka aliwaacha wacheke. Florent alifariki kabla mwaka wa pili haujaisha. Hakuacha shamba wala ng'ombe wa kugombewa na ndugu. Aliacha jina ambalo hakuna mtu, upande wowote wa maji, aliyewahi kulitaja pamoja na wizi, ulevi au ulozi. Mjane alilipokea jina hilo kama wengine wanavyopokea nyumba, na tangu siku hiyo alikuwa akilifagia.

Alimkuta Gloire kwenye kibanda chake mbele ya nyumba, katikati ya nyaya za kuchajia simu za wavuvi. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, na ilikuwa miezi ambayo uvuvi umefungwa. Kazi kidogo, mchezo mwingi.

"Wee Gloire. Umekuwa mulozi tangu lini?"

Gloire aliinua macho kwenye simu. "Tangu leo asubuhi, Mama, au jana?"

"Usinichekee! Mji wote unakusikia unafundisha namna ya kuingia mu vichwa vya watu!"

Binti alipoelewa, alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaona uso wa mama yake, akaacha. Ile odio, alieleza, aliitumia wachezaji wenzake wa Lubumbashi na Kitwe, na ilikuwa ndefu mara kumi. Ilihusu mchezo wa simu uitwao Ngome ya Ukungu. Selenka ni mwanamke wa ndani ya mchezo, mfungwa anayetoroka bila silaha, kwa akili yake tu. Wachezaji wanabishana mwaka mzima nguvu zake zinafanyaje kazi, na Gloire alikuwa amepata jibu bora kuliko wote. Mtu fulani alikata kipande na kukirusha kwenye makundi ya kanisa.

Hapo ndipo hasira ya Mama Marthe ilipopata njia. Aliwajua vizuri watu wa Chemchemi. Kwao mlozi aliyeokoka ni mtu mkubwa; anapewa kipaza sauti, anapewa kiti cha mbele, anaeleza kwa mpangilio alivyoipata nguvu, masharti yake na kilichoishinda. Mtoto wake naye alikuwa amepanga maneno yake kwa utaratibu uleule, kwa sababu ndio utaratibu wa mtu yeyote anayechambua jambo! Gloire alikuwa amekaa miaka mitano katika kanisa lile na hakuna aliyewahi kumwomba asome hata tangazo. Kumbe kichwa cha binti kikifanya kazi, kwanza watafute nani mwingine yumo ndani.

"Nionyeshe huyo Selenka," alisema, akivuta kigoda.

"Mama, wewe?"

"Siwezi kutetea kitu sijakisoma."

Gloire alimwonyesha. Mlinzi anasimama mlangoni, Selenka amejificha gizani, anafumba macho, na mlinzi anaona nyoka pale pasipo na nyoka, anakimbia. Mlinzi mwingine haogopi nyoka. Kwake Selenka analeta sauti ya mkuu wake. "Unaona? Hawezi kuwalazimisha. Anachukua kile kilichomo ndani yao tayari. Ndiyo maana yule mlinzi mlevi, asiyefikiri kitu, hamwezi."

Kwenye skrini Selenka alipaisha jiwe kubwa, na mlinzi wa tatu akakimbia. Mama Marthe alikunja mikono kama zamani mbele ya ubao. "Sawa. Na hapo anapoinua jiwe? Jiwe nalo linaogopa?"

Hilo ndilo wachezaji wenzake walilomwambia Gloire, kwa matusi zaidi.

"Jibu lako lina tundu, mwanangu. Nguvu moja haiwezi kuwa na sheria mbili. Mupeleke mahali pasipo na mlinzi, ainue jiwe."

Walimpeleka. Selenka alifumba macho, akafumba tena, jiwe halikutikisika. Wakarudi penye mlinzi, jiwe likapaa hadi dari, mlinzi akakimbia. Mama Marthe akamwambia bintiye asiondoke, asubiri tu. Mlinzi alipotoweka, jiwe lilionekana mahali pake pa awali, na vumbi lake juu, halijaguswa.

"Mama!" Gloire alipiga kelele. "Jiwe haliendagi popote! Ni mulinzi njo anaona limepaa!"

"Bila shaka," alisema Mama Marthe, akijaribu kutoonyesha kwamba moyo unamdunda. Kwa muda mfupi alisahau alichojia. Alikuwa na mwanafunzi mbele yake, na mwanafunzi alikuwa hodari, na alikuwa wake.

Hodi ya Pasta Hugues ilimkumbusha. Aliingia akiwa anatabasamu, suti ya buluu, Biblia kwapani, na nyuma yake mzee wa kanisa Rodwell, Mzambia mwenye boti za kukodisha, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha biashara ya samaki lakini masikio yake yalikuwa mazima.

"Mama mupendwa," alianza Pasta, "nimekuja kushukuru pamoja na nyumba hii."

"Shukuru juu ya nini?"

Bila kungoja jibu, Mama Marthe alieleza. Alieleza mchezo, simu, Selenka, odio iliyokatwa. Pasta alisikiliza kwa upole wa mtu anayesubiri mvua ipite.

"Mama, namna yenye adui anaingilia ni nyingi. Hata kupitia simu. Mutoto akisema ni mchezo, tunamuelewa, anaona haya. Apande tu mbele, aseme alitumiwa, tumuombee, iishe. Watu wanakuja kutoka Chisenga."

"Na asipopanda?"

Pasta aliangalia mikono yake. "Mutu anayekataa kufunguliwa, watu watauliza anashikilia nini. Mie sitaweza kuwazuia watu, Mama."

Mama Marthe alisimama. "Pasta, usinitishie na watu. Watu hawa ni wewe umewaambia!"

Rodwell alikohoa. "Ba mayo, mama yetu, hasira kidogo, mukwai, tafadhali."

"Kidogo? Mzee Rodwell, wakisema boti yako inazamisha wavuvi, utakasirika kidogo?"

Wageni wakaaga.

Walipokwenda, Gloire alikuwa wa kwanza kusema, na aliyoyasema yalimwumiza mama yake kuliko ya Pasta. "Mama, nipande tu. Niseme ndiyo, nilikuwa, nimetoka. Wataimba, watapiga makofi. Baada ya mwezi watasahau."

"Watasahau nini? Umeona wapi watu wakasahau mulozi? Ukizaa, mutoto wako akiugua homa, wataanza na nani? Wateja wa hapa, boti ikipinduka, wataanza na nani? Ukisema ndiyo siku moja, umemsemea hata baba yako aliyelala kaburini." Alipumua. "Utapanda, ndiyo. Lakini utasema ulichokisema, chote, mpaka na jiwe."

Jumapili kanisa la mabati lilijaa hadi nje. Wavuvi wasiokuwa na pa kwenda, akina mama, watoto kwenye madirisha, na wageni wa Chisenga mstari wa mbele kabisa, wamevaa kama kwenye harusi. Pasta alipoita jina la Gloire, ngoma zililia. Gloire alipanda, na Mama Marthe akapanda naye bila kuitwa, akasimama kando yake katika nguo ya heshima aliyovaa siku ya kumzika Florent.

"Jina langu ni Gloire," alisema binti. "Sijawahi kuwa mulozi. Selenka si pepo, ni mutu wa kuchorwa, yuko mu mchezo huu." Akainua simu. "Mulisikia kipande. Leo nitaeleza yote."

Akaeleza. Mwanzoni lilisikika guno la watu walionyang'anywa kitu. Mama mmoja wa Chisenga alisema kwa sauti, "Tumelipa mafuta ya boti! Ulozi iko wapi?" Lakini Gloire aliendelea, nyoka, sauti ya mkuu, mlevi, na kidogo kidogo wavuvi walianza kuinama mbele.

"Na mulinzi akilala?" mmoja aliuliza.

"Akilala hamuwezi."

"Basi mie hataniweza, nalala tangu uvuvi ufungwe!"

Kicheko kilipasuka. Gloire akafika kwenye jiwe, na aliposema kwamba halikuwahi kutoka mahali pake, mtu mmoja nyuma akasema taratibu, "Aah," kama aliyeona samaki chini ya maji.

Pasta Hugues alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. "Haleluya! Basi tumuombee dada yetu, ili hata mizizi iliyobaki..."

"Mizizi gani?" Mama Marthe alikishika kipaza kabla yake. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa ile iliyonyamazisha darasa la watoto sitini. "Anyooshe mkono mutu ambaye Gloire ameingia kichwani mwake. Hapa mbele. Aseme alionyeshwa nini." Alingoja. "Mwenye mutoto aliyerogwa naye asimame." Alingoja tena. Mama Chouchou aliangalia sakafu. "Hakuna. Mutoto wa Florent ametuma maneno ya akili kwa watu wenye akili, na ninyi mkapata mulozi, kwa sababu mulikuwa munamutafuta. Pasta, odio ilitembea na neno lako. Sasa neno lako litembee tena. Toa simu."

"Mama, mambo haya tunaweza kuongea mu ofisi."

"Hamukunitukana mu ofisi."

Pasta aliwatazama wazee. Rodwell, aliyeomba hasira kidogo siku ile ya hodi, alitikisa kichwa chake cheupe. "Awe, hapana, ba Pasta. Mama iko na haki. Sema tu, boti inangoja."

Basi Pasta alitoa simu, akabonyeza, akasema kwa sauti ya mahubiri: "Wapendwa, dada yetu Gloire, kwa neema, ameonekana hana ulozi tena..."

"Futa," alisema Mama Marthe. "Hana tena, maana yake alikuwa nao. Rudia."

Kanisa zima lilisikia akirudia, na jasho lilimtoka kwenye kola. "Mimi Pasta Hugues nilisema Gloire alikuwa mulozi. Hakuwa. Nilisema bila kuuliza. Ninaomba musamaha kwake, kwa mama yake, na kwa jina la marehemu baba yake." Kidole kilisita juu ya skrini.

"Tuma makundi yote," alisema Mama Marthe. "Na lile la Chisenga."

Alisimama pale, mkono wa binti yake ndani ya wake, mpaka simu za watu zilipoanza kulia kwenye mabenchi, moja baada ya nyingine, na sauti ya Pasta ikasikika kutoka mifukoni na vifuani, ikisema hakuwa, hakuwa, hakuwa. Ndipo aliposhuka. Mlangoni Mama Chouchou alimnyooshea mkono na machozi machoni.

Mama Marthe aliutazama ule mkono. "Siku nyingine, mama," alisema, akatoka nje.