Ulihamisha mawe?

Jumamosi moja ya 1993, mtaani Nyamirambo, nilisimama kwa Mrundi mmoja anayeuza samaki wa mapambo kutoka Ziwa Tanganyika. Akaingia mama wa Kiyovu, mtaa wa wenye pesa, na mfuko wa plastiki, ndani samaki mmoja, mapezi yamechanika.

"Uliniambia wataelewana. Siku tatu wale wa zamani wanamuuma! Nipe wa rangi moja na wenzake."

"Wa rangi moja ndiyo watapigana zaidi, mama. Ulipomutia kwenye tangi, ulihamisha mawe?"

"Mawe ya nini?"

"Kila samaki iko na jiwe yake ya kujificha. Mugeni atalala wapi? Unatoa mawe yote, unapanga upya. Hapo wote wanakuwa wageni."

Mama akakiweka kile kifuko mezani, polepole. "Mawe yangu nimeyapanga vizuri. Mchukue huyu, ndiye mleta vurugu."

Aliyeumwa, jamani. Nimechoka hata kushangaa.

Njiani kurudi, kwenye kizuizi, askari alitaka kitambulisho changu, mara ya pili siku ile. Alisoma mstari wa kabila kwanza, jina baadaye. Nikanyoosha mkono kukipokea, nikijiuliza nani kwetu atakubali jiwe lake lihamishwe.