Blanketi la Kwanza Baada ya Mvua

Mtaani walimwita Koleo, kwa sababu ya viganja vyake. Dobi huyo mzee akishika blanketi bichi upande mmoja na mkewe upande wa pili, wakalisokota kila mtu kwake, maji yaliisha yote. Atakayeachia kwanza ndiye achemshe chai. Mke alikuwa amechemsha chai miaka na miaka. Kama alikuwa akiachia makusudi, hiyo ni siri yake.

Mvua zikianza, kazi hulala, maana nguo hazikauki. Mwaka huo zilinyesha mfululizo, na binti yao, karani aliyerudi kuishi nao, akaamua kumtunza baba yake. Ndoo akampokonya, kiti akakisogeza karibu na jiko. "Umefanya kazi vya kutosha, baba. Pumzika." Akapumzika. Kukaa ni kutamu, tusidanganyane. Mvua zilipokatika, mzee hainuki bila kushika meza.

"Baba, si uiache tu hii kazi?"

"Niache? Leo nikishindwa na blanketi, nimeacha. Mama yako shahidi."

Akachagua blanketi zito kuliko yote. Halijasokotwa hata vizuri, vidole vikamsaliti, likaanguka topeni puu! Mzee akaingia ndani, uso umemshuka. Udobi ndio uliomlisha tangu ujana, naye hakuwa mtu wa kuvunja kiapo chake.

Mkewe akamfuata. "Mume wangu, tangu lini tukaanza na blanketi?"

Kweli. Kila mwaka, baada ya mvua, walianza na foronya, kisha shuka. Blanketi lilisubiri mpaka mikono irudi. Mwaka huu, kwa kuwa binti anatazama, mzee alitaka kuonyesha ubabe.

"Nimeshaapa," akanung'unika.

"Na blanketi limejaa tope. Lifuliwe upya ndipo tuhukumu. Shahidi si mimi? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Mzee akacheka bila kupenda.

Wakaanza na foronya. Ndoo akaidai, akarudishiwa. Wiki zikapita, shuka zikaanza kutoka kavukavu, na siku moja akajikuta ameinuka kitini, meza hajaigusa. Alifurahi mpaka akakaa tena ili ainuke mara ya pili.

Jua lilipokuwa kali, mama akalitoa blanketi lile lile. "Shika wewe leo," akamwambia binti.

Wakasokota. Binti akauma meno, mishipa ya shingo ikamsimama, akaachia. Mzee akabaki na blanketi lake mkononi.

Binti akaenda kuchemsha chai, akarudi akitazama viganja vyake vilivyoiva. Mama alikuwa ameshakikalia kile kiti, anasubiri kuletewa.

"Mvua zikirudi, baba, ndoo ni yako."

"Na kiti?"

"Kiti ni cha mama."

"Leo tu," mama akadakia, akipokea kikombe. "Kesho kuna shuka, na wewe binti utaanza na foronya."