Kwa Nini Daktari Fidèle Alimtoa Mkwe Nje

Si kweli kwamba marehemu Daktari Fidèle Kabwe alimfukuza Papa Jovial kwa dharau, ati kwa sababu Jovial hakusoma. Maneno hayo yamezunguka bandarini na hata kanisani, na jina la familia limechafuliwa vya kutosha. Mambo yalikuwa hivi.

Mama Florentine, mkausha samaki wa kijiji cha Zongwe, kando ya ziwa, aliletwa kwa daktari huyo mjini Kalemie na Jovial, mume wa binti yake. Jovial ni mtu mwema, lakini mdomo wake hautulii. Kila mara daktari alipouliza, yeye ndiye aliyejibu: mama anaumwa tumbo, mama hali vizuri. Mama mwenyewe alikaa upande, kitenge amekivuta mpaka machoni. Daktari akaandika dawa za tumbo. Wakarudi, akaandika nyingine. Waliporudi tena, mama alikuwa amekonda hata pete inamtoka kidoleni.

Hapo ndipo Daktari Fidèle alipomtazama vizuri. Yeye naye alikuwa mtoto wa ziwani. Alijua kwamba mama hataji habari za mwili wake mbele ya mkwe, hata kama anakufa. Alilijua tangu utoto, ila ndani ya koti jeupe alikuwa amelisahau.

Akamwomba Jovial atoke.

"Mimi njo nilimuleta, Dokta. Mimi njo naongea kwa ajili yake."

"Leo ataongea yeye mwenyewe, Papa. Toka."

Ndiyo, alisema "toka", na mlango ukafungwa. Kisha akasogeza kiti karibu na mama, akangoja mpaka viatu vya Jovial viliposikika mbali. Mama Florentine akashusha kitenge, akasema. Walikuwa karibu kuchelewa. Wiki ileile alipasuliwa, na mpaka leo anakausha samaki wake.

Jovial alikwenda bandarini na hasira zake. Mke wa daktari, Mama Pétronille, alimsihi mumewe ajieleze. Alikataa.

"Nikimweleza kwa nini nilimtoa, atajua kuna jambo mama anamficha. Acha anitukane."

Akatukanwa miaka, naye akaendelea kumsalimia Jovial vilevile kila wakikutana.

Kwenye matanga ya daktari, Mama Florentine alisimama mbele ya watu wote, Jovial akiwemo, uso ameugeuzia pembeni kama desturi inavyotaka. Akasema:

"Dokta hakumufukuza mukwe wangu. Mimi njo sikuweza kusema mbele yake. Dokta alitambua, akanifichia mpaka kufa kwake."

Jovial aliinama, akaenda nyuma ya nyumba kupasua kuni za matanga bila kuambiwa na mtu.

Tangu siku hiyo, wanaokuja kumpa pole Mama Pétronille hawakosi kuuliza, kwa sauti ya chini: ulikuwa ugonjwa gani basi? Daktari hakumwambia mkewe, na mkewe hakuuliza. Hata angemwambia, mkewe asingesema. Familia haina neno la kuongeza, na wasiendelee kuuliza.