Swichi ya Tatu Niliyoing'oa

Mimi ndiye niliyemharibia dada yangu mkono. Nasema hapa kwa sababu mbele yake nimeshindwa.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Nzega. Dada alinilea tangu mama afariki, na alikuwa akiuza chakula stendi kwa abiria wa mabasi ya Mwanza. Basi halikai, kwa hiyo alinunua maikrowevu ya mtumba ya kupashia wali. Mlango wake ulibamizwa kutwa nzima, mpaka ikaanza kukata fyuzi kila akiufungua.

Nikaifumua. Pale mlangoni pana swichi tatu ndogo. Mbili hukata umeme mlango ukifunguliwa. Ya tatu sikuielewa, niliona kazi yake ni kuunguza fyuzi tu. Jamani, ujuaji! Nikaing'oa, na zile mbili nikaziunga moja kwa moja, zisikate umeme tena. Fyuzi haikukatika tena, nikasifiwa stendi nzima.

Kumbe ile ya tatu ndiyo mlinzi! Zile mbili zikiganda, yenyewe huunguza fyuzi makusudi, ili mashine isiwake mlango ukiwa wazi. Nimekuja kulisoma hilo baadaye, dada akiwa ameshaanza kuumia.

Dada aliipenda zaidi. Dereva akipiga honi, anafungua na kuingiza mkono huku mashine inanguruma. Akaniambia anasikia moto ndani ya mfupa. Nikamjibu kwamba ni joto la sahani.

Ikaja ganzi, kisha vidole vikaanza kukunjamana. Nikampeleka hospitali. Daktari akauliza anafanya kazi gani, anatumia vifaa gani. Wakati huo nilikuwa nimeshajua kazi ya ile swichi! Nikamuwahi dada kujibu.

"Anapikia mkaa tu, daktari."

Niliogopa kupoteza jina la ufundi. Dada hakunisahihisha, alidhani mimi fundi najua kipi cha kumweleza daktari. Wakampima sukari, wakampa vidonge, miezi ikaenda. Mashine niliiondoa kwa kisingizio kuwa imeungua, lakini mishipa ya fahamu ya mkono ilikuwa imeshakufa. Hawezi kushika kisu. Kibanda chake stendi anapikia mtu mwingine.

Wiki iliyopita dada alimleta kwangu jirani yake, ambaye maikrowevu yake inakata fyuzi vilevile. Nikaweka swichi mpya zote tatu, dada kakaa pembeni anatazama.

"Mbona yangu hukuniwekea hizi?" akauliza.

Nikasema yake ilikuwa ya zamani, haikuwa nazo. Nimemdanganya tena, Mungu wangu! Akaniamini. Wakati wa kuaga akanipa mkono wa kushoto, akaniomba radhi kwa kunipa huo.

Mafundi wenzangu, fyuzi ikikatika tafuteni sababu, msing'oe msichokijua. Na ukikosea, sema daktari akiwa bado anauliza. Mimi nimenyamaza mpaka kusema kwangu hakumponyi mtu.